Kengele Moja Katika Elfu

Msikilizaji, leo nina mazungumzo ya hesabu. Usiondoke, kwa sababu ni hesabu inayopita katika simu za watu wetu kila siku, tena mchana kweupe.

Mpwa wangu ni bodaboda. Wiki tatu zilizopita alikuja nyumbani jioni, akaegesha pikipiki chini ya mwembe, akakaa kimya mpaka chai ikapoa. Halafu akaniuliza: “Mjomba, wewe ulifundisha hesabu miaka yote ile. Hivi hii michezo ya kuzungusha kwenye simu inajuaje nani wa kumpa na nani wa kumnyima?”

Siku ile alikuwa ameweka mchezoni hesabu ya bosi, shilingi elfu kumi. Bodaboda wote mnanielewa: hesabu ndiyo fedha ya kumpelekea mwenye pikipiki kabla hujafikiria chakula chako mwenyewe. Alianza saa nane mchana pale kijiweni, akisubiri abiria. Mara mbili salio lilipanda mpaka elfu kumi na nane. Saa kumi halikuwapo tena. Kuliwa kulimuuma, lakini kuna kitu kilichomuuma zaidi. Alikuwa na hakika kwamba mchezo una utaratibu wa siri, na kwamba wenzake wanaujua. Ukicheza usiku wa manane inatema. Ukibadilisha dau ghafla inashtuka. Akaunti mpya hupewa kwanza ili inogewe. Na ikila sana, lazima mwisho icheue.

Nilimwambia jibu ni fupi kuliko anavyodhani: haikujui. Haijui kama wewe ni mgeni au mwenyeji, umeliwa au umepata, una watoto au huna. Hakuamini, na sikumlaumu. Nikamwambia aniletee bakuli tatu kutoka jikoni.

Kabla ya bakuli, niwarudishe San Francisco, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Huko fundi mmoja mzaliwa wa Bavaria, Charles Fey, alitengeneza mashine ya chuma yenye magurudumu matatu na mkono wa kuvuta pembeni. Aliiita Liberty Bell, yaani Kengele ya Uhuru. Kwenye magurudumu yake kulichorwa viatu vya farasi, kengele, na alama ambazo kila mcheza karata wa pwani anazijua: kopa, uru na shupaza. Ulitumbukiza sarafu ya senti 5, ukavuta mkono, magurudumu yakazunguka na kusimama moja baada ya jingine. Kengele tatu zikikaa mstari mmoja, ulipata zawadi kubwa kuliko zote, senti 50. Mashine za sarafu mnazoziona leo kando ya maduka mitaani, zile ambazo vijana wa Tanzania huziita dubwi, ni vitukuu vya mashine ya Fey. Sloti za kwenye simu, ile michezo ya kuzungusha aliyoiuliza mpwa wangu, ni vilembwe. Umbo limebadilika sana, hesabu ya ndani ni ileile.

Sasa bakuli. Tulikata vipande 30 vya karatasi, kumi kwa kila bakuli. Katika kila bakuli, kipande kimoja tuliandika kengele. Viwili tuliandika nazi. Vitatu embe. Vinne ndimu. Kuzungusha ni kuchomoa kipande kimoja katika kila bakuli bila kuangalia. Vipande vitatu vikifanana, umeshinda. Visipofanana, dau limekwenda. Kisha unarudisha vipande, unachanganya, unaanza upya.

Njia za kuchomoa ni kumi mara kumi mara kumi, jumla elfu moja. Kati ya hizo elfu, kengele tatu zinapatikana kwa njia moja tu. Nazi tatu, mbili mara mbili mara mbili, njia nane. Embe tatu, njia 27. Ndimu tatu, njia 64. Zijumlishe: moja, nane, 27 na 64 ni mia moja kamili. Kwa hiyo katika kila mizunguko kumi, kwa wastani mmoja hushinda. Mpwa wangu alipenda hapo. Alisema mashine hii ina huruma.

Tukapanga malipo. Dau shilingi 100. Kengele tatu zinalipa 20,000. Nazi tatu 2,500. Embe tatu 800. Ndimu tatu 500. Sasa chukua kalamu, msikilizaji, au fuatana nami kichwani. Tuseme njia zote elfu zimetokea mara moja moja. Dau zilizowekwa ni shilingi 100,000. Kengele imelipa 20,000. Nazi, nane mara 2,500, zimelipa 20,000. Embe, 27 mara 800, zimelipa 21,600. Ndimu, 64 mara 500, zimelipa 32,000. Jumla iliyorudi kwa wachezaji ni 93,600. Mwenye bakuli amebaki na 6,400.

Hiyo 93,600 katika kila 100,000 ndiyo asilimia ya malipo. Bakuli zetu ni mchezo wa asilimia 93.6. Sloti nyingi za mtandaoni hutangaza asilimia kati ya 94 na 97, na hupatikana hivihivi: idadi ya njia mara malipo, jumlisha, gawanya kwa dau zote. Angalia ulipo wizi. Haupo. Hakuna kipande kilichokunjwa, hakuna bakuli lenye matundu. Kila uchomoaji ni wa haki kabisa, na bado mwenye bakuli anajua atapata nini kabla hujaosha mikono. Ndiyo maana kampuni yenye leseni haihitaji kukuibia mzunguko wako. Mzunguko wako ukiwa safi, yenyewe inakula vizuri.

Tulicheza usiku ule kwa maharage. Nilimpa mia moja, harage moja kwa kila mzunguko. Tulizungusha mara 200, mke wangu akiandika. Ndimu tatu zilitokea mara 11, embe mara tano, nazi mara moja. Kengele haikuonekana. Alirudishiwa maharage 120 kati ya 200 aliyoyaweka. Akabaki na 20 mkononi.

“Mjomba, si ulisema inarudisha 93.6 kwa mia? Mimi imenirudishia 60.”

Hapo ndipo nilipotaka afike. Ile 93.6 imebeba kengele ndani yake. Kati ya 93,600 zinazorudi, 20,000 ni za kengele peke yake, na kengele hutokea mara moja katika elfu. Asiyeiona kengele anacheza mashine ya asilimia 73.6, tena ameketi mbele ya bakuli zilezile. Asilimia inayotangazwa ni ya umati mzima kwa muda mrefu: mmoja amechukua fungu la wengi, na fungu lake limehesabiwa humo. Wewe unasoma 96, unadhani ni ahadi yako. Ni ya umati, na katika umati huo wengi sana wako chini yake ili mmoja awe juu.

Kwa hiyo michezo miwili inaweza kuwa na asilimia sawa na isifanane hata kidogo. Mmoja ni kama kuvua dagaa: kila usiku unapata kitu, kidogo kidogo, na unaondoka polepole. Mwingine ni kama kumngoja papa, siku nyingi mtego mtupu, halafu siku moja mtumbwi unazama kwa mzigo. Katika mchezo wa papa salio hukatika haraka, maana asilimia yake yote imekaa kwenye mzunguko ambao huenda usiufikie. Wenye michezo huiandika tofauti hii ndani kabisa, kwenye ukurasa wa maelezo, kwa maandishi madogo ya Kiingereza.

Nirudi kwenye imani ya kwamba ikila sana lazima icheue. Uliza bakuli. Umechomoa mara 50 bila ushindi, umerudisha vipande, umechanganya. Ndani kuna nini sasa? Vipande vilevile kumi. Bakuli halikumbuki. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na watu walipoteza fedha nyingi kwa kuweka kwenye nyekundu wakiamini kwamba zamu yake imefika. Haikuwa na zamu. Ni kweli kwamba Uingereza zipo mashine za baa zinazoruhusiwa kujirekebisha kulingana na zilivyolipa, na hutakiwa kubandikwa tangazo la kusema hivyo. Huenda uvumi wa kucheua ulitoka kwa mashine za namna hiyo. Lakini sloti za mtandaoni zenye leseni ya huko hazina ruhusa hiyo. Kila mzunguko unaanza bila historia.

Sasa turudi kwenye historia ya mashine. Tumefika mwaka 1984. Mwaka huo huko Marekani mtaalamu aitwaye Inge Telnaes alipewa hataza ya uvumbuzi uliobadilisha biashara nzima. Mashine ya Fey ilikuwa na tatizo kwa mwenye mashine: ukitaka zawadi kubwa, unahitaji vituo vingi, yaani mahali pa gurudumu kusimama, na gurudumu la chuma haliwezi kuwa kubwa kama la trekta. Telnaes alisema, gurudumu lisichague chochote. Kompyuta ichague namba, kisha gurudumu litumwe kwenda kusimama mahali namba inapoonyesha. Na namba zinaweza kuwa nyingi kuliko vituo.

Nieleze kwa bakuli zetu. Machoni mwako kila gurudumu lina vituo kumi na kengele ni moja, hivyo unaona nafasi moja katika elfu. Lakini nyuma ya ukuta nimeficha bakuli zenye vipande 50 kila moja, na kengele bado ni moja. Nafasi yako ya kweli ni moja katika 125,000. Vile vipande vya ziada nimeandika vingi “kituo kilicho juu ya kengele” na “kituo kilicho chini ya kengele”. Utaona nini? Utaona kengele inapita mbele ya macho yako, inasimama nywele moja juu ya mstari, au nywele moja chini, tena na tena. Utasema, imekosa kidogo tu! Hakuna kidogo. Aliyekosa kwa nywele na aliyekosa kwa maili wamekosa sawa, na ile nywele niliipanga mimi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni moja ya Kijapani, Universal, ilikwenda mbali zaidi: mashine zake zikishaamua kwamba umekosa, programu ya pili ilichagua picha ya kukuonyesha, na ilipendelea picha za kukosa kidogo. Wadhibiti wa kamari wa jimbo la Nevada, Marekani, waliikataa programu ile ya pili. Mpango wa Telnaes uliendelea. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichunguza ubongo wa watu wakati wakicheza, wakakuta kwamba kukosa kidogo huamsha sehemu zilezile zinazoamshwa na ushindi. Mchezaji hakufurahia kukosa, lakini hamu ya kuendelea iliongezeka.

Katika simu hakuna hata gurudumu la kutumwa. Ukibonyeza kitufe, ujumbe unakwenda kwenye seva, mbali, pengine nchi nyingine. Kule programu inazalisha namba bila kusimama, iwe unacheza au umelala. Namba inayokutana na ujumbe wako ndiyo matokeo yako. Yakishajulikana, seva inatuma jibu, na simu inaanza kukuchezea filamu: vipicha vinazunguka, kimoja kinasimama, cha pili kinasimama, cha tatu kinasitasita huku ngoma ikipanda. Kusitasita kule ni mchoro. Matokeo yamekwisha kuamuliwa zamani. Kubonyeza tena ili uisimamishe kwa wakati wako, kugusa skrini, kuomba, kuinamisha simu, havifiki kwenye seva. Maabara kama GLI na eCOGRA huajiriwa kupima programu hizi na kuthibitisha kwamba namba hazina mpangilio wa kutabirika na kwamba asilimia iliyotangazwa ndiyo inayolipwa.

Je, hajawahi kutokea mtu aliyeipiga mashine? Ametokea, na kisa chake kinafundisha. Ron Harris alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika bodi ya udhibiti wa kamari ya Nevada. Kazi yake ilikuwa kukagua programu za mashine kama ni safi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianza kupachika maelekezo yake mwenyewe ndani ya mashine alizozikagua: sarafu zikiingizwa kwa mfuatano fulani, mashine inalipa. Baadaye akahamia mchezo wa keno, akatabiri namba kwa kuijua programu inayozizalisha. Mwaka 1995 mwenzake alishinda dola 100,000 mjini Atlantic City, akaonyesha utulivu uliowatia watu shaka, na mambo yakafichuka. Harris alifungwa. Nawaambia kisa hiki kwa sababu moja: huyu alikuwa na programu yenyewe mezani kwake. Yule anayekuuzia mbinu za sloti kwenye kundi la Telegram kwa elfu tano hana programu ya mtu yeyote.

Nitaje pia kile kindege kinachopendwa sana Kenya na hapa kwetu, Aviator, kilichotoka mwaka 2019. Sio sloti, ila ni ndugu wa damu. Kindege kinapaa, kizidisho kinapanda, unatakiwa kutoa kabla hakijapotea. Mahali kitakapopotelea huamuliwa kabla hakijaruka. Mchezo hutangaza asilimia 97, na maana yake ni kwamba ukingoja kizidisho cha mbili kila mara, utakifikia kidogo chini ya mara 49 katika mia. Wanaouza utabiri wa kindege wanauza hewa. Wangekuwa nao wasingehitaji elfu tano yako.

Sasa nije kwenye kitu ambacho, kwa maoni yangu, kimewaumiza vijana wetu kuliko hata ule ujanja wa Telnaes. Sloti za kisasa zina mistari mingi. Unaweka dau la shilingi 200, nalo hugawanywa katika mistari 20, shilingi 10 kila mmoja. Unazungusha. Mstari mmoja umelipa mara sita, shilingi 60. Skrini inawaka, sarafu za dhahabu zinamwagika, muziki unapigwa, maandishi makubwa yanasema umeshinda 60. Umeweka 200. Umepoteza 140. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada walionyesha mwaka 2010 kwamba mwili wa mchezaji huitikia hasara hii iliyovishwa nguo za ushindi karibu kama unavyoitikia ushindi wenyewe. Mpwa wangu aliposema “nilikuwa nashinda-shinda sana”, nilimwomba simu. Tukafungua historia ya mchezo. Mizunguko mingi aliyokumbuka kama ushindi ilikuwa na namba ndogo kuliko dau.

Na kwenye historia ileile nilipata jibu la swali lake la kwanza, ambalo sikulitarajia kuwa safi namna ile. Alikuwa amezungusha takriban mara 1,200 katika saa mbili, dau 200 kila mara. Zidisha: shilingi 240,000. Akashtuka. “Mimi sijawahi kushika laki mbili na arobaini mwaka huu.” Alikuwa na elfu kumi, lakini elfu kumi ile ilizunguka: iliwekwa, sehemu ikarudi, ikawekwa tena. Mchezo ule ulitangaza asilimia 96. Nne kwa mia ya 240,000 ni 9,600.

Alipoteza elfu kumi. Hesabu ilidai 9,600.

Hakuwa na mkosi siku ile. Hakurogwa, mchezo haukumwonea, saa haikuwa mbaya. Alikuwa karibu kabisa na wastani. Alilipa bei ya kawaida ya saa mbili, kama mtu anavyolipa nauli, ila bei hiyo haikuandikwa popote. Yeye alidhani asilimia 96 ina maana kwamba katika elfu kumi yake atakatwa mia nne. Mia nne hukatwa elfu kumi inapopita mara moja. Inabaki 9,600. Ikipita tena inabaki 9,216. Ikipita mara 17, kwa wastani imebaki nusu. Na kwa mzunguko mmoja kila sekunde sita, kupita huko hakuhitaji siku nzima.

Mtauliza: na wale wanaoshinda mamilioni? Wapo. Mwaka 2015 askari mmoja wa Uingereza aliweka dau la peni 25 kwenye sloti iitwayo Mega Moolah, akashinda zaidi ya pauni milioni 13. Fedha ile ilitoka wapi? Jakipoti ya namna hii ni chungu cha pamoja: kila mchezaji, katika kila tovuti inayoweka mchezo huo, hukatwa sehemu ya kila dau, nayo hutiwa humo. Mtu anaweza kuona kama ni upatu. Katika upatu kijumbe ana daftari, jina lako lipo, na zamu yako itafika hata ukiwa wa mwisho. Katika chungu hiki hakuna daftari. Unaweza kuchangia miaka 30 na chungu kikaondoka na aliyeingia jana, kwa haki kabisa, kwa sababu bakuli halikumbuki.

Bonasi nitaipitia haraka. Unapewa elfu kumi ya bure, kwa sharti kwamba uizungushe mara 35 kabla ya kutoa. Hiyo ni dau za shilingi 350,000. Nne kwa mia yake ni 14,000. Zawadi ya elfu kumi inakudai elfu kumi na nne.

Kuna nchi zilizoamua kwamba hesabu hii isiachwe ifanye kazi gizani. Uingereza, kuanzia mwishoni mwa Oktoba 2021, ilipiga marufuku sloti za mtandaoni kuzunguka kwa muda wa chini ya sekunde 2.5, ikakataza kitufe cha kujizungusha yenyewe, ikakataza muziki na taa za kusherehekea malipo yaliyo sawa na dau au chini yake. Mwaka 2025 ikaweka ukomo wa dau kwa mzunguko mmoja: pauni 5 kwa watu wazima, na pauni 2 kwa walio kati ya miaka 18 na 24. Hakuna hata moja kati ya sheria hizo iliyobadilisha asilimia. Zimegusa kasi, kelele na ukubwa wa dau, kwa sababu huko ndiko fedha ya mchezaji inakopotelea.

Nasi tunayaweza hayo. Naiomba Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, na wenzao wa Kenya na Uganda, waanze na mambo matatu yasiyohitaji mitambo. Asilimia ya malipo iandikwe kwa Kiswahili kwenye uso wa mchezo, kabla ya kitufe cha kwanza, siyo kwenye ukurasa wa kumi na mbili. Jumla ya dau za siku hiyo ionekane muda wote juu ya skrini, ile 240,000 ambayo mpwa wangu hakujua kwamba imepita mikononi mwake. Na malipo yaliyo chini ya dau yasipigiwe muziki.

Nawe kijana uliye kijiweni sasa hivi, simu mkononi: fungua historia ya michezo yako ya mwezi huu. Jumlisha dau zote, zile ulizoshinda na zile ulizoliwa. Zidisha kwa nne, gawanya kwa mia. Andika namba hiyo kwenye karatasi, na leo jioni mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini nyumbani.